Papasi wa Chemchemi ya Apendi

Tororo, 4 Februari 1954

Dada yangu Zubaida,

Assalam alaikum. Mimi ni mzima, kifua kimeacha kukohoa tangu nihame ile stoo, na naomba barua hii iwakute nyote mko wima. Nisalimie Shemeji Sowedi, Shangazi Mastula, Jamiru wako ambaye najua kazi yake ni kunyonya tu, jirani yetu mama Apendi mwenye chemchemi, na binti yangu Zulaika. Mwambie baba yake hajasahau utepe mwekundu. Miaka sita sasa tangu mama yake afariki siku ile ile ya kumzaa, na wewe ndiye uliyemlea. Kwa hilo sina maneno ya kutosha, kwa hiyo siandiki maneno. Barua anakuletea Obbo, dereva wa lori la pamba.

Sasa jambo lenyewe. Nilipokuja Januari na Dokta Hamre kuchota maji yenu, nyumba nzima ilinicheka. Shemeji alisema mbele ya wageni, "Kuku wangu wana utitiri bure kabisa. Huyu Mutwalibu analipwa mshahara kwa utitiri wa majini. Basi kuku wangu ni matajiri, hawajijui tu." Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Na wewe ulicheka, Dada. Uliziba mdomo kwa kanga lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekula chakula chake.

Mimi shule nimekaa miaka mitatu tu. Nilikuwa naosha magurudumu ya lori za watu. Kusoma nilijisukuma mwenyewe kwa vipande vya magazeti walivyofungia sukari dukani. Leo mtu anayemwekea Dokta vidudu vyake tayari kwa darubini ni mimi. Ni vidogo kuliko ufuta. Navipata kwa kuchuja maji katika kitambaa cha hariri, namwaga kwenye sahani nyeupe, nangoja mchanga utulie mpaka kidudu kitembee, ndipo nakivuta kwa bomba la dawa ya macho. Nakitia katika chupa yenye glisirini sehemu tano, maji nne, siki kali moja. Pombe hamna ndani, Shangazi asinune. Mwezi wa Januari nilijaza chupa mia tatu na sita. Dokta alinirudishia mbili tu kwa makosa.

Sasa sikilizeni. Kwa mama Apendi tulichota mara sita. Nimetoa papasi wa maji mia mbili na kumi na wanne, wa aina kumi na moja. Chemchemi ya Mwello ilitoa aina sita. Zile tatu za Nabuyoga hakuna iliyopita nne. Dokta anasema mahali padogo hivyo penye jamii nyingi hivyo hajapaona tangu afike nchi hii. Basi Shemeji ajue, huo si utitiri wa kuku. Ni papasi wa maji, tena kumi na moja.

Isome barua hii Ijumaa watu wakitoka kuswali, barazani, kwa sauti. Usiruke mstari. Nataka wasikie hesabu.

Mdogo wako,
Mutwalibu

*

Tiira, 20 Februari 1954

Mdogo wangu Mutwalibu,

Waalaikum salaam. Sisi tupo. Shemeji yako anakusalimu, Shangazi Mastula anakusalimu, mguu wake bado. Jamiru ameota jino. Mama Apendi anakusalimu, Obbo anakusalimu hapa amekaa anangoja barua, Zulaika anakusalimu sana na anauliza utepe, na mimi mwenyewe. Unisamehe mwandiko, ni ule ule ulionifundisha kwa mkaa ukutani.

Barua nilisoma Ijumaa ya tarehe kumi na mbili kama ulivyoamuru. Sikuruka kitu. Hawakucheka, Mutwalibu. Hata mmoja hakucheka. Shemeji yako aliweka kikombe chini akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Papasi, kumi na moja.

Wewe hujasahau kilichomchukua mama yetu. Usiku mmoja tu alilala katika kile kibanda cha wasafiri njia ya Jinja, papasi wakamwuma, homa ikaja, ikaondoka, ikarudi, na mara ya tatu haikumrudisha. Watu wa hapa wote wanajua, nusu yao walikuja kuzika. Sasa mtoto wake mwenyewe, mtu wa darubini, anaandika kwamba chemchemi ina papasi. Nani angebisha?

Jumapili mtu wa gombolola, yaani wa serikali, alikuja, akauliza barua iko wapi, akaisoma, akakata miiba na kuziba njia ya chemchemi. Mama Apendi alikaa juu ya jiwe lake akalia. Wameanza kusema alikuwa anawafuga. Sisi sasa tunachota chini, kwenye kijito kinachotoka mashimo ya dhahabu. Maji yake ni mekundu lakini tunaacha yatulie.

Mimi nauliza kitu kimoja. Hao papasi wako ni wale wa mama, au ni wengine? Zulaika anasema si papasi, ati ni pilipili. Nijibu upesi. Nijibu hata maneno mawili.

Dada yako,
Zubaida

*

Tororo, 26 Februari 1954

Dada Zubaida,

Salaam. Nategemea mko salama, maana habari sina. Leo ni siku ya ishirini na mbili tangu niandike. Obbo naambiwa amekwama na lori lake Busia, ekseli. Au labda mmesoma, mkacheka tena, na mnaona haya kuniambia.

Jumatatu tunaondoka kwenda mlimani, juu ya Mbale, kuchota vijito vya baridi. Miezi mitatu au minne. Barua ziacheni hapa kwa mwenye duka, atazituma akipata mtu wa kupanda.

Nina la kumwambia Zulaika, umsomee ukiwa umemkalisha. Yule mwekundu aliyemwona yeye wa kwanza, siku ile nimempa ashike sahani, yule aliyesema, "Baba, pilipili inatembea," Dokta amempekua siku nne na hamwoni katika vitabu vyake vyote. Anasema huenda hajapewa jina na mtu yeyote duniani. Nikamwambia, Bwana, aliyemwona kwanza ni mtoto wangu, anaitwa Zulaika. Akacheka, lakini akachukua penseli akaandika kwenye daftari herufi Z. Sitegemei sana. Mwaka jana alichapisha karatasi ya kurasa kumi na tisa, na mimi nilikuwemo mstari mmoja wa mwisho, "mtumishi mwenyeji", bila jina. Lakini Z ipo, nimeiona kwa macho yangu.

Utepe nimeununua. Yadi moja na nusu.

Mutwalibu

*

Tiira, 31 Machi 1954

Mdogo wangu,

Salaam. Shemeji yako anakusalimu, Shangazi Mastula, Jamiru, mama Apendi ingawa sasa hatoki sana, Obbo, Zulaika, na mimi.

Jibu sijapata. Ile yako ya utepe imefika, lakini haijibu langu, naona tumepishana njiani. Nilimkalisha Zulaika nikamsomea. Alifurahi akauliza, "Sasa yule pilipili akiitwa, ataitika?"

Tumbo linamsumbua. Siku ya tano leo. Nampa uji mwepesi na maji ya majani ya mpera. Si yeye peke yake, kwa Omaido watatu wanaendesha, na mjukuu wa Osire. Watu wanasema papasi wamefuata maji mpaka kijitoni, kwa hiyo wanazidi kuikimbia chemchemi. Mimi sijui. Mvua imeanza, barabara ya Busia ni tope mpaka magoti, zahanati iko mbali kama Makka.

Nimekuuliza kitu kimoja, Mutwalibu. Wewe ni mtu wa hesabu, hesabu na hili.

Zubaida

*

Kambini, juu ya Mbale, 24 Aprili 1954

Dada Zubaida,

Salamu nitatoa mwisho. Barua zako mbili, ya Februari na ya Machi, nimezipata jana jioni kwa pamoja, zimefungwa kamba moja. Mwenye duka alizikalia mpaka akapata mtu wa kupanda na chumvi.

Sio wale wa mama. Narudia, sio wale wa mama. Hawa hawaumi mtu. Hawana haja na mtu. Wanatambaa katika yale majani laini yanayoota juu ya mawe, wanakula mayai ya wadudu na viluwiluwi vya mbu. Watoto wao hujishikiza kwa mbu kama shanga nyekundu, wakamnyonya yeye. Mtu akiwanywa hawamfanyi kitu.

Na kuna kubwa zaidi. Maji yakichafuka kidogo, hao ndio wa kwanza kufa. Tope likija juu ya mawe hawana pa kushika. Kwa hiyo ukiwaona kumi na moja maana yake maji ni mazuri, maana yake hakuna maji bora kuliko yale ya mama Apendi kutoka hapo mpaka Tororo. Ndiyo sababu Dokta alifurahi. Ndiyo sababu na mimi nilijisifu.

Siku ile ile ya Januari tulichota pia kile kijito cha mashimoni. Mara sita, kama kule. Nimefungua daftari langu sasa hivi. Pameandikwa sifuri. Hapana hata mmoja mfu. Sikuwaandikia sifuri, Dada, kwa sababu nani husifiwa kwa sifuri?

Ng'oeni miiba leo. Msiyanywe yale mekundu hata yakitulia wiki nzima. Isome barua hii barazani kama ile. Mpe Zulaika maji ya chemchemi yaliyochemshwa, na chumvi kidogo na sukari, kidogo kidogo, usiku na mchana. Niandikie hali yake. Daraja la chini limechukuliwa na maji, Dokta anasema wiki mbili, nami nimemwambia likishasimama nashuka.

Nisalimie wote. Nisalimie Zulaika.

Mutwalibu

*

Tiira, 3 Mei 1954

Mdogo wangu Mutwalibu,

Waalaikum salaam. Tunangoja mwezi uonekane, funga ni kesho au kesho kutwa. Shemeji yako anakusalimu. Shangazi Mastula anakusalimu. Jamiru ameanza kusimama akishika ukuta. Mama Apendi anakusalimu, Obbo anakusalimu, na mimi.

Barua yako imefika. Nimeisoma peke yangu. Nimeisoma tena.

Obbo amepata mzigo wa kwenda Mbale. Atapanda mpaka kwako, kwa miguu ikibidi. Ana maneno yetu, yeye atakuambia. Umpe chai, ukae naye chini. Usimsikilize ukiwa umesimama.

Zubaida

*

Kambini, 19 Mei 1954

Dada Zubaida,

Salaam, na funga njema. Mimi nafunga, ijapokuwa mpishi wa kambi haamini.

Obbo alifika tarehe kumi na nne, viatu mkononi, tope mpaka kifuani. Nilimpa chai, mimi mwenyewe sikunywa. Nikakaa chini kama ulivyosema. Akaniambia habari za ekseli. Akaniambia pamba ya mwaka huu. Nikamwuliza, "Nyumbani?" Akasema, "Wazima." Nikamwuliza, "Wote?" Akatazama kikombe akasema, "Chai yenu ya huku ina moshi." Asubuhi nilipoamka alikuwa ameondoka. Blanketi nililompa alikuwa amelikunja vizuri sana, kona kwa kona. Nililitazama lile blanketi kwa muda mrefu.

Simlaumu. Amenibeba kwenye lori lake tangu sina kitu. Lakini mimi nimezoea kuhesabu vitu ambavyo watu wengine hawavioni, ndiyo kazi yangu. Nimetandaza barua zako tatu juu ya meza. Ya Februari ina salamu za watu saba. Ya Machi, saba. Ya Mei ina watu sita. Nilidhani nimekosea, nikaweka kokoto juu ya kila jina. Saba, saba, sita.

Najua kwetu msiba hauandikwi, anatumwa mtu. Mtu umemtuma na ameshindwa. Sasa uandike wewe, Dada. Daraja halijasimama, na kuvuka kwa miguu kama Obbo Dokta hanipi ruhusa, ana habari na vijito vyake. Kokoto moja iko mkononi mwangu na sijui niiweke wapi.

Mutwalibu

*

Tiira, 27 Mei 1954

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Jumanne, tarehe kumi na tatu Aprili, kabla ya adhuhuri. Tulimzika alasiri karibu na mama. Barua yako ya mlimani ulikuwa hujaiandika bado, nimetazama tarehe, ni siku kumi na moja baadaye. Usije ukajisemea kwamba ingewahi.

Sikumwacha peke yake hata dakika. Siku ya mwisho alitaka maji. Akasema yale mekundu yananuka chuma, anataka ya pilipili. Nilimwambia, "Yale yana papasi, mwanangu." Akasema, "Baba alinionyesha, shangazi, ni wazuri." Nikampa yale mekundu. Mtoto wa miaka sita alijua, na mimi niliyesoma barua sikujua. Hili sijamwambia mtu, hata Shemeji yako.

Ulitaka niisome ile barua ya pili barazani. Sijaisoma. Mutwalibu, nitasimamaje? Nikisoma kwamba chemchemi ilikuwa safi siku zote, watajua kwamba yeye na mjukuu wa Osire na wawili wa Omaido wamekwenda bure. Watasema baba yake amemwua kwa kalamu. Nimeificha ndani ya unga. Mimi nachota kwa mama Apendi alfajiri, napita chini ya miiba kama mwizi, namnywesha Jamiru. Wengine wanakunywa mekundu. Kila siku nawaona wakiteremka na mitungi, nawajibu salamu, napita.

Siwi mkali kwako. Sina nguvu ya ukali. Lakini nieleze neno moja. Ulikaa na lile neno nyumba moja, uliona lilivyomfanya mama. Maneno yote ya Kiswahili, mbona ukachagua hilo?

Dada yako

*

Tororo, 5 Juni 1954

Dada Zubaida,

Idd imepita. Nimeshuka kutoka mlimani siku ya tano leo. Mimi niko Tororo, maili kama ishirini kutoka mlangoni kwako, na nimekwenda kituo cha lori mara tatu. Mara ya tatu nilipanda. Nilikaa juu ya magunia mpaka dereva akawasha, kisha nikashuka. Alinitukana kwa Kiteso, na alikuwa na haki.

Umeuliza neno. Nitajibu, kwa sababu hujaniuliza lingine.

Dokta aliponiuliza Januari, hawa mnawaitaje, nilimjibu pale pale bila kufikiri: utitiri. Ndilo neno lao. Wanafanana na utitiri wa kuku kuliko papasi, kwa miguu, kwa udogo, kwa wingi wao. Katika daftari langu nimewaandika utitiri ukurasa wa kwanza mpaka wa sitini na nane. Nilipokaa kukuandikia nilianza na utitiri. Nikaona Shemeji ananicheka. Nikaona mabega yako. Nikachukua karatasi nyingine nikaandika papasi, kwa sababu papasi hachekwi. Nilitaka watu wanyamaze. Wakanyamaza.

Sikusahau mama. Nilimkumbuka nikiwa nimeshika kalamu. Nilijua neno lile lina uzito, na uzito ndio niliokuwa nautaka.

Zamani nilikuwa na deni la hasira kwa kila mtu. Kwa Shemeji, kwa Dokta na mstari wake mmoja, kwa walionipita shuleni. Nilihesabu kila kicheko. Sasa nimehesabu upande wa pili, ninachodaiwa mimi, na hauna mwisho.

Dokta nimemwambia. Akaleta daftari, akanionyesha ile Z, akasema ataliandika jina kamili. Nilimwomba aifute. Sitaki litajwe juu ya chupa. Alifuta mbele yangu, lakini penseli ilikuwa imekandamiza karatasi, herufi bado inaonekana ukiinamisha daftari kwenye mwanga.

Sasa nakuomba. Jamiru anajifunza kutembea. Kesho atateremka mwenyewe na watoto wenzake na kunywa watakachokunywa, hutamzuia. Isome barua hii barazani Ijumaa. Yote, na mstari wa kalamu yangu na mstari wa mama. Waambie ni utitiri, na kwamba nilijua. Wakisema nimemwua mwanangu, wasikatazwe. Usiruke kitu.

Nisalimie Shemeji Sowedi, Shangazi Mastula, Jamiru, mama Apendi, Obbo ambaye nimemsamehe, na wewe. Ni sita. Nimehesabu mara mbili.

Mutwalibu

*

Tiira, 12 Juni 1954

Mdogo wangu Mutwalibu,

Waalaikum salaam. Nimesoma jana.

Walikuwa wengi, kwa sababu Shemeji yako aliwaambia kuna barua yako. Omaido alikuja na mkewe. Osire alisimama nyuma kabisa, hakutaka kukaa. Nikasema, "Mutwalibu anasema alikosea jina. Si papasi. Ni utitiri." Halafu nikasoma ile ya mlimani niliyoificha, ya mbu na shanga, na kumi na moja, na sifuri.

Kisha Shemeji yako akasema polepole, kama mtu anayeota, "Utitiri? Tumekimbia utitiri?" Na akacheka. Si kicheko cha furaha, Mutwalibu, kilimtoka kama kikohozi. Shangazi Mastula akadakia, akasema, "Kuku wanatushinda akili, wao huoga nao." Omaido akacheka huku anafuta macho, mkewe amejifunika shuka analia. Kilikuwa kicheko kibaya, sijawahi kusikia kama hicho, na kilipoisha Osire alikuwa amekwisha ondoka. Tulimkuta njiani anang'oa miiba kwa mikono mitupu. Damu ilikuwa inamtoka.

Mama Apendi aliletwa, akainama akachota kwa kiganja, akanywa wa kwanza. Kisha watu wakateremsha mitungi.

Walinywa kwa sababu walicheka. Maji ya papasi wasingeyanywa, hata ungewaandikia sababu kurasa mia. Ni kile kicheko ulichokiogopa.

Uliniamuru nisiruke kitu. Nimeruka. Mstari wa kwamba ulijua, na mstari wa mama, sikusoma. Niliona umefika, nikaupita kwa ulimi. Karatasi hiyo nimeikata kwa mkasi, nimeiweka pamoja na nguo ya kijani ya mtoto. Mimi nimempa maji mekundu, wewe umeandika neno. Tunajua wawili. Inatosha.

Leo asubuhi nilikwenda na sahani nyeupe uliyoiacha. Nikafanya kama ulivyofanya, nikangoja mchanga utulie. Wa kwanza kutembea alikuwa yule mwekundu. Nikamwita kwa jina. Hakuitika, akaenda zake ukingoni mwa sahani, nikamrudisha majini.

Tunakusalimu hapa watu sita. Lete utepe, tutaufunga kwenye kijiti pale alipolala. Obbo atapita Tororo Jumatano na lori tupu. Nimemwambia asizime injini mpaka uwe umekaa.

Dada yako,
Zubaida